Kulichora Jani la Kisamvu

Aliyezaliwa katika uwanda wa juu wa Wamakonde hahitaji kufundishwa kisamvu ni nini. Hukijua kwa mlio wa kinu kabla hajaweza kulitamka jina lake: majani machanga ya muhogo yaliyotwangwa, yakachemshwa kwa muda mrefu, kisha yakaungwa kwa nazi au kwa karanga, na huku kwetu kusini hata kwa korosho. Lakini, ndugu msomaji, mpe mtu huyo karatasi na penseli, umwombe alichore jani la mboga aliyoila maisha yake yote. Aghalabu atachora kiganja cha mkono, chenye vidole vitano vinavyolingana.

Sisi na wenzetu wawili wa ofisini tulijifunza kulichora jani hilo Newala, tukiwa watu wazima, baada ya miaka mingi ya kutunga mashairi na kujaza majalada ya serikali. Mwalimu wetu alikuwa mzee mchonga vinyago, ambaye penseli aliiona kuwa kijiti kisicho na nguvu. Alituagiza tusilichume jani, kwani likichumwa hunyauka upesi, na hata likiwa mtini jua la saa sita hulilegeza. Basi tulikaa shambani asubuhi, umande ungalipo. Kisha akatukataza kuanza na ukingo.

"Wanangu," alisema, "anzeni pale mifupa inapokutana."

Kwa hakika, juu ya kikonyo mishipa mikuu yote hukutana mahali pamoja, mmoja kwa kila kidole. Wa katikati ndio mrefu; ya pembeni hufupika kadiri inavyorudi nyuma kuelekea kikonyo. Ihesabu: mitatu, mitano, saba, pengine tisa, na kwa kawaida ni witiri. Katika shina moja utakuta jani la vidole saba na jingine la vitano. Hapo ule mfano wa kiganja huishiwa nguvu.

Baada ya mifupa tulichora mapengo yaliyo kati ya vidole. Mchonga mpingo hulijua jambo hili tangu ujana wake, kwa maana tezo lake haligusi umbo analolitaka. Hugusa mti usiotakiwa. Pengo likiwa sawa, jani hujitokeza lenyewe.

Halafu ukaja mpira. Mti huu, jamaa ya muhogo na mwenyeji wa Brazil kama muhogo wenyewe, ulipandwa nchini na Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yalipoteza thamani, lakini mti ulibaki, na watu wakaendelea kula majani yake: ndicho kisamvu cha mpira. Vidole vyake ni vipana na vichache zaidi, na kikonyo hakishiki ukingoni hasa bali ndani kidogo, mithili ya mpini wa mwavuli. Mlaji aweza kuyachanganya majani haya mawili chunguni. Mchoraji hana ruhusa hiyo.

Wala tusidhani huu ni mchezo wa macho tu. Maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuhusu batobato ya muhogo yaliandikwa mwaka 1894, kutokana na mashamba ya Usambara. Jani lenye batobato hujikunja, kijani huchanganyika na manjano, kidole kimoja hupinda na kudumaa. Mwaka 1936 H. H. Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani, akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Na hapo Amani watafiti waliuchanganya muhogo na mpira uleule ili kupata mbegu stahimilivu. Michirizi, kwa maoni yetu, ndiyo adui wa macho mavivu. Majani ya juu huweza kuonekana mazima, ilhali ya chini yana manjano kandokando ya mishipa, na mizizi ardhini inaoza ndani kwa ndani. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na pia na vipando ambavyo jirani humgawia jirani kwa wema kabisa.

Mafunzo hayo baadaye tuliyapeleka kwa wanafunzi. Mmoja wao, msichana, alikuja na jani la chini lenye manjano, akauliza kama alipake rangi hiyo au alifanye la kijani lipendeze. Tulimwambia apake alichokiona. Alipomaliza aliomba ruhusa aende nyumbani, kwa kuwa fungu la vipando lililoegemezwa ukutani kwao, likingoja mvua, lilikatwa katika shina hilohilo.