Chupa ya chai na maji ya Meru

Nilihama Mombasa kwenda Arusha kufuata kazi ya uhasibu, nikiwa na binti ambaye hakuwa amepoteza jino hata moja la utotoni. Ndugu walinipongeza. Walisema Tanzania si ugenini, lugha ni moja, na kuvuka Namanga ni safari ya basi tu. Ni kweli. Hata hivyo, mtu aliye nje ya nchi yake huchoshwa zaidi na vitu vidogo vinavyorudi kila siku.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kibali cha kazi kilinizungusha dirisha hadi dirisha. Baridi ya Juni na Julai ilinipasua midomo. Nazi, ambayo kwetu huangushwa uani, niliinunua soko la Kilombero kwa bei ya kitoweo, na nikifungua kinywa tu kupatana, muuzaji aliinua kichwa: "Dada, wewe Mkenya." Hakuwa na ubaya, lakini kuambiwa hivyo kila siku kunachosha. Jioni umeme ukikatika nilikaa na simu, nikisoma siasa za nyumbani hadi usiku wa manane.

Kimbilio langu lilikuwa chai. Mombasa chai ya mkandaa hunywewa kwa kikombe kidogo, baada ya chakula, katikati ya maongezi. Arusha niliinywa peke yangu, kwa kikombe kikubwa, na tangawizi na sukari tele, na chupa ilijazwa upya kabla haijaisha. Nikikerwa kazini, chai. Umeme ukikatika, chai. Asubuhi nikiikosa, kichwa kiliuma na ulimi ukawa mkali kwa mwanangu. Ulevi wa namna hii hauna wa kuukemea. Mlevi wa pombe husemwa na mtaa mzima. Wa chai husifiwa kwa ukarimu, maana kila mgeni hukuta chupa imejaa.

Tulikuwa tumepanga nyumba mahali paitwapo Maji ya Chai, kando ya barabara ya Moshi, chini ya Mlima Meru. Alasiri moja jirani yangu, mama mtu mzima wa Kimeru, alimkuta binti yangu akimalizia chai kwenye kikombe changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya kupikia unayatoa wapi?"

"Bombani, mama. Lakini nayachemsha vizuri."

"Haya yetu hata ukiyachemsha ni yale yale," akasema, kisha akamwita mjukuu wake na kumwambia acheke. Kijana alicheka huku akiziba mdomo kwa kiganja. Bibi yake akautoa mkono taratibu. Meno yalikuwa ya kahawia, mengine yamemomonyoka kwenye ncha.

Tangu siku hiyo nilisoma na kuuliza kila niliyedhani anajua. Meru ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Maji yanapopenya kwenye miamba na majivu yake huyeyusha madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Baadhi ya visima, chemchemi na mito ya miteremko hii imepita kiwango hicho mara kadhaa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, na mvuke ukiondoka hukolea zaidi. Floraidi hiyo ndiyo iliyoharibu meno ya kijana yule, na kwa walioyanywa maji haya miaka mingi madhara hufika hadi mifupani: wapo watoto wa eneo hili waliopata matege na wazee waliokakamaa migongo.

Lililonishtua zaidi ni kwamba mchai wenyewe hufyonza floraidi kutoka ardhini na kuilimbikiza kwenye majani. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo huwa na floraidi nyingi. Kwa hiyo nilikuwa naongeza floraidi juu ya floraidi, na mtoto wangu alikuwa anamalizia vikombe. Jino la kudumu huanza kuundwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya kuchomoza, na rangi ikishaingia humo dawa ya meno haiitoi.

Si mbali na kwetu, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia yao ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa joto kali, hupondwa, hupakiwa ndani ya chombo, na maji yakipita humo floraidi hunasa. Mkaa huchoka, sharti ubadilishwe. Nilipata kichujio cha aina hiyo, na masika nikaanza kukinga mvua. Magadi niliyaacha kabisa.

Chai ilikuwa ngumu zaidi. Siku za kwanza kichwa kilinigonga, nikawa na hasira na usingizi kwa pamoja. Nilibakiza kikombe kimoja cha asubuhi, na saa ile ya jioni niliyozoea kukaa na chupa na simu nikaanza kwenda kwa jirani. Alinifundisha kupika loshoro, ndizi na mahindi kwa mtindi. Mimi nikamfundisha kuchuja tui. Kodi bado inadaiwa kwa miezi sita na baridi ya Julai haijapungua, lakini sasa nina mtu wa kumwambia, na hilo limenituliza kuliko chai ilivyowahi kunituliza.

Jijini, mradi mkubwa wa maji wa takriban shilingi bilioni 520, uliokopewa fedha kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudia pia kupunguza floraidi kwenye mabomba. Vijijini mlimani wengi wangali wanategemea chanzo kilicho karibu.

Basi wewe unayehamia Arusha au Meru na watoto wadogo, nakusihi: kabla hujalipia nyumba, uliza maji yake yanatoka chanzo gani na yalipimwa lini. Wakishindwa kukujibu, peleka sampuli maabara ya maji. Na mtoto aliye chini ya miaka minane usimpe maji hayo, wala chai iliyopikwa kwayo, mpaka majibu yatoke.