Kumwanzisha Kijana Kupanda Ukuta: Yaliyotupata Bulongwa

Bulongwa, wilayani Makete, mvua huanza mwezi wa Novemba na huendelea hadi Aprili, pengine hata Mei. Ikisha mvua huja baridi, na asubuhi nyingi za Juni na Julai ukungu hufunika uwanja wa michezo hata mwalimu asiweze kuliona goli la upande wa pili. Katika miezi hiyo kipindi cha mazoezi ya viungo aghalabu hugeuka kuwa kipindi cha kunakili maandishi ya ubaoni. Sisi tuliokabidhiwa somo hilo tulifanya hivyo kwa miaka miwili bila kuona haya.

Kilichotuzindua ni mwamba mmoja ulio kando ya njia iendayo mtoni. Wavulana wetu walikuwa na desturi ya kuupanda kila wapelekwapo kuteka maji, na siku moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mmoja wao aliteleza akachunika paja zima. Tukapiga marufuku. Marufuku yetu haikufuatwa na mtu, nasi hatukushangaa sana, kwani tulipokuwa na umri wao tulipanda miti tuliyokatazwa. Hapo tukaona kwamba iwapo kupanda hakuzuiliki, heri wapande ndani ya nyumba, pakavu, mbele ya macho yetu.

Wazo hilo si letu. Mwaka 1964 Don Robinson, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia mmoja wa chuo ili wapandaji wapate kujizoeza ndani. Tangu hapo mchezo huo umeenea hata ukashindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Twataja habari hizi kwa sababu mkuu wetu wa shule alituuliza kama jambo hili ni elimu au ni mzaha, na jina la chuo kikuu lilisaidia.

Mawe hatukuyahitaji. Makete ni nchi ya misindano, na mabanzi yanayosalia baada ya kupasua mbao huuzwa kwa bei ya kuni. Katika bohari kuukuu la shule fundi seremala alitujengea ukuta wa mbao wenye kimo cha mita 3 na urefu wa mita 7. Vishiko tulivichonga kwa mabanzi, tukavipiga msasa mpaka mkono usione kibanzi, na kila kimoja tukakifunga kwa skrubu mbili, kwa maana kishiko chenye skrubu moja huzunguka pindi kikanyagwapo pembeni. Tukavipaka rangi tatu: njano kwa njia nyepesi, nyekundu kwa njia ya wastani, buluu kwa njia ngumu. Sakafuni tulitandaza magunia yaliyojazwa maranda, na juu yake magodoro ya bweni yaliyokuwa yamestaafu. Kamba hatukuwa nayo, na kwa kimo kile haikuhitajika. Kilichohitajika ni kujua kuanguka. Neno hilo twaliandika leo kwa wepesi. Wakati ule hatukulijua.

Mwanafunzi tunayekusudia kumweleza alikuwa msichana wa kidato cha pili, mwenye umri wa miaka 15. Alilelewa na bibi yake, kama walivyolelewa watoto wengi wa Makete, wilaya iliyopoteza wazazi wengi mno kwa UKIMWI. Darasani hakuwa akisema ila ameulizwa, na michezoni alikuwa na udhuru wa kila juma. Kwa siku tatu alisimama mlangoni pa bohari akitazama wenzake wakipanda. Siku ya nne tulimwita, naye, kinyume cha matarajio yetu, akavua viatu akaja.

Tulimfundisha kama tulivyofundishwa sisi, yaani kwa kuamrisha. Tulisimama chini tukapaza sauti: mguu wa kushoto, juu zaidi, shika kile chekundu, usiogope! Amri hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hutamkwa na mtu ambaye miguu yake imo ardhini. Alipofika ubao wa juu wenzake walipiga makofi, nasi kwa furaha tukamtaka aguse boriti ya paa. Akanyoosha mkono, miguu ikamtoka, akaanguka chali huku ametanguliza mkono wa kulia nyuma ili ajikinge. Kifundo cha mkono kikateguka. Tunashukuru kwamba hakikuvunjika, ila shukrani hiyo haitupunguzii kosa. Tulimpandisha kabla ya kumfundisha kushuka.

Kesho yake tulikwenda kwa bibi yake. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi juu ya faida za mchezo kwa vijana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

Alitusikiliza mpaka tulipomaliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Huko juu ulikompeleka, ulimwonyesha pa kushukia?" Tukakiri kwamba hatukumwonyesha. Akanyamaza kitambo, akasema, "Mkono huo ndio unaonilimia, mwalimu. Viazi vyangu viko ardhini."

Kwa hilo hatukuwa na jibu la kitabuni. Jumamosi nne zilizofuata tulikwenda sisi wenyewe, pamoja na wanafunzi wawili, kumvunia viazi. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, na udongo wa huko ukilowa huwa kama sabuni. Sisi tulianguka mara mbili tukiwa na ndoo nusu. Yule bibi alishuka na gunia mgongoni, hatua fupi fupi, akitazama kila mahali alipokusudia kukanyaga mpaka unyayo ulipotulia, ndipo akahamisha uzito. Mikono yake haikushika kitu. Mjukuu wake, mkono ukiwa umefungwa bandeji, alimfuata nyuma kwa mwendo ule ule. Tulisimama katikati ya matuta tukawatazama wote wawili, tukatambua kwamba mwanafunzi huyu alikuwa na elimu ya miguu tangu utotoni, nasi tulikuwa tumempigia kelele hata akaisahau.

Mkono ulipopona, alikuja mwenyewe akiwa na masharti. Alitaka apande wakati wenzake wako bustanini, na mwalimu asiseme kitu ila ameulizwa. Tuliyakubali yote mawili, ingawa la pili lilitutaabisha kuliko tunavyoweza kueleza. Walimu wenzetu wajaribu kunyamaza dakika 40 waone.

Juma la kwanza hakupanda kabisa, alijifunza kuanguka. Kwanza alirukia godoro kutoka kwenye kishiko cha chini kabisa, kisha kutoka nusu mita, kisha kutoka mita moja: miguu yote miwili itue pamoja, magoti yakunjwe, mwili ubingirike nyuma kwa matako na mgongo, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mkono usitangulie kamwe. Alirudia hata akaanza kucheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tulichokisikia katika mwaka na nusu.

Juma la pili alipita ubavuni, kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake, miguu ikiwa si juu ya goti la mtu aliyesimama. Hapa tuliruhusiwa kuuliza, na swali letu lilikuwa moja: uzito wako uko wapi? Mwanzoni alijibu kwamba uko vidoleni. Baada ya siku kadhaa alijibu kwamba uko kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu. Aligundua pasipo kuambiwa kwamba mkono ulionyooka hauchoki upesi kama uliokunjwa, na kwamba nyonga ikisogezwa karibu na ubao miguu hubeba zaidi. Sisi tulikuwa na mambo hayo yote katika andalio la somo. Tuliyafuta.

Mambo mawili hatukumwachia agundue. La kwanza, vidole. Mifupa ya kijana wa umri ule bado inakua, na sehemu zake za ukuaji huweza kuumia kwa kuning'inia mara kwa mara kwenye vishiko vyembamba. Basi vishiko vya namna hiyo tuliving'oa, na kupanda kukawa mara mbili tu kwa juma, maana kano huimarika polepole kuliko misuli. La pili ni dogo: alikuwa akipaka viganjani chaki ya ubaoni, kwa kuwa aliona pichani wapandaji wakipaka unga mweupe. Unga ule ni wa magnesiamu. Chaki yetu aghalabu ni jasi, haishiki mkono, na isitoshe tulikuwa na boksi moja la kumalizia muhula.

Ilipofika Septemba alikuwa amemaliza njia ya njano na nyekundu. Njia ya buluu ilimshinda mara nyingi, daima mahali pamoja, penye kishiko kilichoinama upande wa dirisha. Hatukumwonyesha. Alasiri moja tulikuwa tumeketi karibu na mlango tukisahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, na hatukujua kwamba amefika juu. Hakupiga kelele wala hakuruka. Tulisikia tu, baada ya kitambo, nyayo zikikanyaga vishiko kimoja baada ya kimoja kuelekea chini, kisha zikatua juu ya godoro. Akavaa viatu, akatuaga, akaenda kuteka maji ya bibi yake kabla ya giza.