Asilimia ya Kisanamu

Mama Mapasa alikuja kwetu jioni, umeme ukiwa bado haujarudi, akiwa amebeba sanduku lililofungwa kwa kitenge. Mapasa ni pacha, na ndivyo Kasulo tunavyomwita kila mama aliyewazaa. Huyu ni jirani yetu tangu nilipokuwa mtoto. Mimi nilikuwa nimetoka Lubumbashi kwa likizo, kilomita mia tatu hivi za barabara, na mfukoni sikuwa na pesa ya kuchapisha kazi yangu ya kumaliza masomo.

"Weye unasoma luga kwa iniversite," alisema. "Utusomee hii karito. Utuambie bei yake njo ngapi."

Ndani ya sanduku alikuwamo Black Panther, mfalme T'Challa wa Wakanda, mwenye suti nyeusi na kucha mikononi. Kijana mkubwa wa mama huyu alijifunza Kichina akawa mkalimani katika kampuni moja ya madini. Mhandisi mmoja alipomaliza mkataba wake, alimwachia kisanamu hicho kama zawadi ya kuagana. Sasa kijana alikuwa safarini, simu yake hupatikana kwa bahati, na wale mapasa walitakiwa kulipa ada ya kushiriki mtihani wa serikali. Mtu mmoja sokoni alikuwa amemwambia mama kwamba wako wazungu wanaonunua pupe za namna hii kwa dola mia mbili. Yeye hakuamini, lakini hakuweza pia kutoamini.

Niseme kwanza habari ya hilo neno pupe, maana ndilo lililonichelewesha usiku ule. Kasulo kila kitu chenye umbo la mtu na cha kuchezea ni pupe, kutoka Kifaransa. Wenzetu wa Dar es Salaam watasema mdoli, na kamusi itatuletea mwanasesere. Yote matatu ni mali ya mtoto. Lakini upande wa chini wa sanduku, kwa herufi ndogo za Kiingereza, waliandika kwamba hiki si kitu cha kuchezea, ni cha watu wazima wanaokusanya. Nilimfasiria mama. Akacheka kwa muda.

"Kama si kitu cha kuchezea, njo kitu cha nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikaamua kukiita kisanamu, na tangu hapo nimekuwa nikikiita hivyo. Neno hilo linakitoa mikononi mwa watoto bila kukipandisha hadi madhabahuni.

Nilimwomba aniachie usiku mmoja. Nilinunua mega kwa pesa ambayo ingekuwa ya mkate, nikaanza kusoma jinsi wakusanyaji wanavyovipima vitu hivi. Wana elimu yao, na nikiri kwamba ilinivutia. Kisanamu cha aina hii hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa sita, yaani mtu mzima anapunguzwa hadi kama sentimita thelathini. Kwa rula ya mapasa nilipata thelathini na moja, pamoja na viatu. Kinachofuata ni viungio. Goti, kiwiko, kifundo, shingo, kila kimoja lazima kijikunje na kibaki pale ulipokiacha. Kiungio kikilegea, kisanamu hakisimami peke yake na bei yake huanguka nacho. Halafu suti. Kitambaa chake kina mpira ndani yake, na kama mwenye mali alikiacha kimekunja kiwiko miaka miwili, utakuta nyufa nyembamba kwenye mkunjo. Joto nalo ni adui. Plastiki laini hutoa jasho la mafuta, hunata, hupinda. Nilitazama juu kwenye mabati yetu nikawaza mchana wa Oktoba unavyokuwa humu ndani.

Uso ndio unaokula muda. Vichwa vilikuwa viwili, kimoja cha barakoa na kingine cha mwigizaji, marehemu Chadwick Boseman. Katika kazi ya bandia macho hutazama pande mbili, au rangi ya midomo hupita mpaka wake. Hapa macho yalikuwa na unyevu, ndevu zilipakwa kana kwamba unyoya mmoja mmoja, na kwenye ngozi kulikuwa na vinyweleo. Nilisogeza taa ya simu karibu, nikasogeza tena. Mmoja wa mapasa, aliyekuja asubuhi kuchungulia, alikitambua mara moja. "Huyu si alikufa?" Alikufa, nikamjibu, Agosti 2020. Mtoto alikirudisha kichwa sandukuni kwa adabu.

Kasoro zilikuwa tatu. Sanduku lilikuwa limepigwa kona moja. Ngumi ya kushoto, moja ya mikono ya kubadilisha, haikuwepo, na tundu lake kwenye sanduku lilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa vumbi. Lile vumbi letu jekundu lilikuwa limeingia kwenye mishono ya suti, kwenye nyayo, hadi nyuma ya masikio ya barakoa. Nilitumia mswaki laini na pamba yenye maji kidogo, na pamba ikatoka na rangi ya mtaa wetu.

Hapa itabidi nieleze kidogo kwa wale wasioijua Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kiwanjani kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, na haukupita muda mrefu kabla ya watu kuchimba chini ya sebule na jikoni zao. Mashimo yalifunikwa kwa maturubai katikati ya nyumba na nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo walivyochukua Kasulo. Kobalti ilikuwa kwenye vumbi la ndani ya nyumba, na ilikuwa kwenye mkojo na damu za watu, hasa watoto. Mwaka huohuo wa 2018 ilitoka filamu ya Black Panther, ya nchi ya Kiafrika iliyokalia madini yasiyopatikana kwingine duniani, ambayo haikumruhusu mgeni yeyote kuyagusa. Wafalme wake wanazungumza Kixhosa. Niliiona Lubumbashi kwenye kompyuta ya rafiki, na tuliokuwa watoto wa Kolwezi katika chumba kile tulicheka mahali ambapo wengine hawakucheka.

Kwa hiyo vumbi lile nililoliondoa kwa pamba, kwa mkusanyaji ni uchafu unaoshusha bei. Nililitia pamba kwenye mfuko, nikalitupa.

Rafiki wa rafiki huko Lubumbashi, mwenye duka la simu, hukusanya vitu hivi. Nilimtumia picha kumi na mbili. Alijibu ndani ya saa moja kwamba, kikiwa kamili, angetoa dola 180, na kwa kuwa ngumi haipo, 160. Vipya, alisema, huuzwa zaidi ya dola 200 huko vinakotoka, na nauli juu yake.

Sasa nifike pale ninapolazimika kufika. Nilikwenda kwa Mama Mapasa, nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia habari za kisanamu chake. Nilimweleza ngumi iliyopotea. Nilimweleza kona ya sanduku. Nilimweleza vumbi, joto, mafuta ya plastiki, nyufa ambazo zingeweza kutokea mwakani ingawa bado hazijatokea. Nilitumia maneno mazuri, baadhi yake niliyatunga njiani. Kila kasoro niliyoitaja ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia kwamba mimi mwenyewe ningeweza kumsaidia kwa kukichukua kwa dola sitini, nikatafute mnunuzi polepole.

Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. "Sawa tu, mutoto yangu," akasema. "Weye njo unajua."

Kazi yangu ya kumaliza masomo, kuichapa na kuijalidi, ilihitaji dola tisini.

Baba alikuwa uani niliporudi na sanduku. Alichimba miaka tisa kabla ya mgongo kumkataza, na alinisomesha kwa magunia. Mara moja tu alinichukua hadi Musompo, soko la madini nje ya mji, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye depo ubao huandikwa bei kwa kila asilimia: moja, mbili, tatu, kuendelea. Mnunuzi hushika mashine yenye umbo la bastola, Metorex kwa jina tulilolizoea, huielekeza kwenye jiwe na husoma namba. Wewe uliyechimba husomi, kioo kimemwelekea yeye. Siku ile gunia letu lilisomwa asilimia mbili. Kisha wakapunguza kwa sababu ya maji, kwa sababu ya udongo, kwa sababu ya gunia lenyewe. Baba alilibeba hadi depo ya jirani, hatua hamsini, na huko likawa nne. Hakugombana na yeyote. Njiani alisema neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa: "Mwenye mashini njo mwenye bei."

Jioni ile alifungua sanduku, akakitoa kisanamu, akakipima uzito kiganjani kama alivyokuwa akipima jiwe, akikirusha juu kidogo na kukidaka. Niliogopa viungio. Akakitazama chini ya nyayo.

"Hii inatoa pursa ngapi?"

Nikamwambia sitini.

"Kwa depo ya nani?"

Sikujibu. Alikirudisha T'Challa mahali pake, akakosea, akaweka kichwa cha Boseman kwenye tundu la ngumi, akalifunga sanduku akaingia kulala.

Sijui nieleze vipi usiku uliofuata bila kujipamba. Nililala, kwanza. Sikuwa na majuto makubwa ya kukesha. Nilichokuwa nacho ni hesabu: mia moja, ni pesa ya mapasa wawili na unga wa mwezi, na mimi niliipata kwa kusoma Kiingereza cha chini ya sanduku. Miaka minne tumekaa katika kitivo hiki tukisema lugha ni daraja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye daraja nikitoza ushuru, na niliyemtoza alinishukuru.

Asubuhi nilikwenda na simu. Nilimwonyesha Mama Mapasa picha za visanamu vingine, nikamfungulia ujumbe wa mwenye duka na kumgeuzia kioo. Kifaransa chake si kingi lakini namba anazisoma. Aliomba nirudie. Nikarudia. 160.

"Na ile ya jana?"

"Ile ya jana ilikuwa yangu," nikasema.

Alinitazama muda wa kutosha. Hakunitukana. Aliwaita mapasa, akawataka wasimame pale na wasikie, kisha akaniambia nirudie namba mara ya tatu, mbele yao. Baadaye akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilikipeleka mwenyewe Lubumbashi, sanduku mapajani, basi zima likiniuliza ni nini. Niliwajibu kisanamu. Mzee mmoja, baada ya Likasi, alitaka kujua kama ni cha kanisa. Mwenye duka alivaa glavu kabla ya kukigusa, jambo ambalo hadi leo linanichekesha, kwa kuwa nilikuwa nimekisugua kwa mswaki kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Alikikunja goti, akakinyoosha, akalamba midomo. Alitoa 160 bila neno. Nilizituma zote siku hiyohiyo kwa simu, na Mama Mapasa akanirudishia tano za nauli. Nilizipokea. Kazi yangu niliichapa mwezi mmoja baada ya wenzangu, kwa mkopo wa shangazi, na ndiyo maana jina langu halimo kwenye orodha ya kwanza iliyobandikwa mlangoni.

Wiki tatu baadaye dereva wa basi alinipigia kwamba nina kifurushi. Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nyingi, na ndani yake ngumi nyeusi ndogo kuliko kunazi. Mmoja wa mapasa alikuwa ameificha kwenye kopo la risasi za gololi tangu kaka yake alipoondoka, akaogopa kusema, na mtihani ulipokwisha akasema. Kijino cha kuichomekea kilikuwa kizima. Kwenye mifereji ya vidole kulikuwa na vumbi.

Safari hii sikulisafisha. Niliipeleka dukani, nikaiweka juu ya kioo cha meza. Mwenye duka aliichukua kwa koleo, akaitazama kwa lenzi anayotumia kutengenezea simu, akaigeuza huku na huku.

"Ina uchafu," akasema. "Nitatoa kumi."

Nikamwambia ishirini.