Litungu Limewafundisha Wanangu Kwao

Mimi ni mzaliwa wa Manchira, wilayani Serengeti, lakini wanangu wote wamezaliwa Dar es Salaam. Kikurya walikuwa wakikisikia tu ninapoongea na bibi yao kwa simu. Mtu akiwauliza kwao ni wapi, walijibu haraka jina la mtaa wetu jijini: "Kivule."

Mabadiliko yaliletwa na mzee mmoja, fundi wa litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, aliyehamia mtaani kwetu kuishi na mwanawe. Jioni alikuwa akipiga uani, watoto wakasogea. Alikubali kuwafundisha kila Jumapili, kwa sharti moja: asiguse nyuzi asiyeweza kumtaja babu yake na ukoo wake. "Mura (kijana), wewe ni wa nani?" Asiye na jibu alirudishwa nyumbani akaulize.

Sharti hilo lina maana yake. Litungu lina nyuzi nane, na vidole huzizoea. Kazi kubwa iko mdomoni. Kwenye sherehe mpigaji humsifu mtu kwa kumtaja baba yake, ukoo wake na ng'ombe wa kwao. Akikosea ukoo, hakuna atakayeinuka kumtuza. Mwanangu akaanza kunisumbua kwa maswali. Yaliponishinda, akampigia bibi yake Manchira. Bibi Kiswahili kinampa shida, kwa hiyo ilibidi kijana aulize kwa Kikurya, mwanzoni akigugumiza, sasa wanacheka pamoja hadi salio linakata. Dada yake naye ndiye anayeongoza waitikiaji wa nyimbo.

Jambo jingine sikulitarajia. Uani pale wanakaa watoto wa koo za Kikurya za Wanchari, Warenchoka, Watimbaru na Wakira. Huko kwetu mkoani Mara, baadhi ya koo hizi zimewahi kupigana kwa sababu ya ardhi na mifugo. Hapa mtoto wa Kinchari anamsifu baba wa Kirenchoka, anataja mababu zake bila kukosea, na yule baba anatoa noti mfukoni. Ukishajifunza kumsifu mtu kwa majina ya wazee wake, kumchukia kunakuwa kugumu.

Leo wanangu wakiulizwa kwao, wanataja Manchira, kisha wanataja ukoo.

Wazazi wenzangu mlio mijini, kama mna mzee anayejua litungu, nyatiti, enanga au zeze, msimwache akae bure mbele ya televisheni. Mpelekeeni watoto angali na nguvu za kuwafundisha.