Ile video ya kushuka Iten na frii

Wenye mnanifuata tangu zamani mnaijua ile video. Mimi kwa Boxer yangu nyekundu, nimezima injini pale juu Iten, nateremka kuelekea bonde la Kerio bila sauti ila upepo na cheni. Tukipita kona za Tambach nageukia kamera nasema, "Watu wangu, hii lita moja ya petroli bado sijaigusa." Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Ililipa nyumba miezi miwili. Leo nataka kuiongelea, na tafadhali msinitetee kwa komenti.

Kwa mgeni: niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu wa fizikia na hesabu, karo ikaisha kabla mimi sijaisha, nikarudi Eldoret. Naishi Langas, na nyuma ya nyumba niko na kibanda cha mabati. Majirani wanakiita gereji, mimi nakiita studio. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008 huu mji umejaa nduthi, na tangu tuitwe jiji mwaka wa 2024 sioni kama zimepungua. Kwa hivyo kazi haikosi. Kuna mama wa maziwa mwenye Honda Ace, ile haisumbui, nafungua valvu kuzipima tu kwa sababu yeye hufuata ratiba kama kanisa. Kuna vijana wa stage na TVS HLX zao, wanakuja na kelele ya cheni iliyolegea wakisema ni gearbox. Kuna zile za Kichina ambazo jina liliondoka na rangi ya tangi, hata mwenyewe hajui aitishe spea ya nini. Na Boxer, Boxer, Boxer.

Kitu kimoja nimerudia hapa mpaka mmechoka: malalamiko mengi ya "nduthi haina nguvu" hapa kwetu si ring wala pistoni. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, injini inavuta karibu moja ya tano pungufu ya ile ingevuta Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa watu wa chini inaendelea kumwaga petroli ileile. Fungua plagi uone, nyeusi kama sufuria ya chumba cha mtu asiyejua kupika. Weka jeti ndogo kidogo na utadhani umenunua pikipiki nyingine. Hiyo video ya jeti ilitazamwa na watu elfu tatu. Ya kuzima injini mlimani, laki mbili na zaidi.

Sasa nilitoa wapi wazo la kushuka na frii? Kwa mzee wangu.

Mzee alikuwa afisa wa mifugo, na miaka ya tisini alipewa Yamaha DT 175 ya kazi. Wakati serikali ilikuwa inaziuza kwa mnada aliinunua ileile aliyokuwa akiendesha. Mpaka leo iko chini ya mkaratusi kule nyumbani, imefunikwa turubai, na ukiipiga kiki asubuhi moshi wa buluu unafika kwa jirani. Nilijifunzia hapo nikiwa darasa la saba. Sheria yake ilikuwa moja kwa mteremko: "Usiache injini ikusukume. Kamata klachi, acha itembee." Sikuuliza kwa nini. Mzee wangu si mtu wa kuulizwa kwa nini, na mimi si mtu wa kuuliza.

Kwa DT hiyo sheria iko na akili. Ni tu-stroku. Haina oili inayokaa chini ya injini. Oili yake inatoka kwa katangi kake kando, pampu inaipima kulingana na vile injini inazunguka na vile umefungua mafuta. Ukishuka mlima mrefu na gia, umefunga mafuta kabisa, pistoni inapanda na kushuka kwa kasi lakini oili inayofika ni kidogo. Ukizoea hivyo, siku moja inanoki. Ndiyo maana wazee wa tu-stroku walikuwa wakikamata klachi au wakipigapiga resi wakiteremka.

Boxer si tu-stroku. Oili yake imejaa chini na pampu inaisambaza ukifungua mafuta ama ukifunga, mradi injini inazunguka. Sababu ya mzee haiko tena. Iliyobaki ni hatari peke yake. Mimi nilichukua desturi ya pikipiki moja nikaibandika kwa nyingine, nikaongeza "okoa mafuta" juu yake kwa sababu nilijua hiyo ndiyo itabonyezwa.

Na hata hayo mafuta ni ya bure? Ukiteremka na gia ya pili au ya tatu, umefunga mafuta, kinachopita kwa kabureta ni kile kidogo cha kuiweka injini ikinguruma tu. Kuzima injini kabisa mpaka chini kulinipunguzia petroli ya pesa kidogo sana, hainunui chai na mandazi mbili pale mjini. Hiyo hesabu ningeifanya kabla ya kurekodi. Nilikuwa na fizikia ya miaka miwili kichwani, siwezi kusema sikuwa nayo.

Wiki tano baada ya video, sauti ikaingia inboksi. Kijana, sauti ya chini, nyuma yake unasikia watu wa wodi. "Boss, nilifanya vile ulisema. Breki ziliisha njiani." Alikuwa na magunia mawili ya viazi anapeleka bondeni. Aliona kona inakuja, akakanyaga, pedali ikashuka hadi mwisho na hakuna kitu. Upande mmoja ni bonde, upande mwingine ni mtaro na ukuta wa mlima. Alichagua mtaro. Mguu ulivunjika chini ya goti. Hakuna mtu mwingine aliyeumia.

Mnajua nilimjibu nini? Niliandika, "Pole sana bro. Ulikuwa umekagua breki lakini?"

Nimeisoma hiyo meseji mara nyingi. Ukiiangalia haraka ni swali la fundi. Mimi najua ilikuwa nini. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Hakujibu, na mimi nikashukuru kwamba hakujibu. Wiki tatu nzima nikaendelea kuposti. Video ilikuwa bado inaleta watu, kila siku simu inatetemeka, na kila ikitetemeka nilikuwa nafikiri ni yeye.

Mwishowe nilimwandikia nikaomba kumwona. Nikaenda na Boxer, asubuhi, kilomita thelathini na kitu mpaka Iten, wakimbiaji wamejaa kando ya barabara kama kawaida, halafu mbele kidogo kwao. Alikuwa ameketi nje kwa kiti cha plastiki, mguu na plasta juu ya stuli. Mdogo kuliko sauti yake. Mama yake alitoka jikoni akanisalimia kwa mikono miwili, akaniletea chai na maziwa yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa wageni, akasema, "Asante mwanangu, watu wa stage hawajamsahau." Alidhani mimi ni mwenzake wa stage. Nilimwangalia yule kijana, akaangalia chini. Hakuniumbua. Na mimi nikanywa chai.

Nikauliza pikipiki iko wapi. Ilikuwa nyuma ya zizi, TVS, foko zimepinda, taa imeenda, lakini injini nzima. Nikawaambia nitaitengeneza bure. Nilikodi pickup kuileta Langas.

Nilianza na gurudumu la nyuma, sikuanza na foko. Nilikuwa nataka kuona. Nyingi ya hizi nduthi zetu bado ni breki za dramu, mbele na nyuma: breki shu mbili ndani zinapanuka na kusugua ukuta wa habu. Nikatoa habu. Zile shu zilikuwa zinang'aa. Si mng'ao wa kitu kipya, ni wa kioo, nyeusi, ukipitisha ukucha unateleza. Joto limezipika hadi haziwezi kushika tena. Na habu yenyewe ikipata moto inapanuka, inakimbia shu, ndiyo unakanyaga pedali inashuka tu.

Hesabu niliyokwepa nikaifanya hapo, kwa nyuma ya risiti. Pikipiki, yeye, magunia mawili: kama kilo 280. Kutoka Iten hadi chini bondeni unapoteza zaidi ya mita 1,000. Hiyo ni nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 8 za maji kutoka baridi. Toa kinachoenda na upepo na matairi, bado ni mingi. Ukiwa na gia, injini inachukua sehemu kubwa ya mzigo huo, ndiyo kazi yake kwa mteremko. Ukiwa na frii, yote unaipeleka kwa vipande vinne vya breki vya upana wa vidole viwili. Mimi nilifika chini salama kwa sababu sikuwa na mzigo, nilikuwa na shu za wiki moja, na nilisimama mara tatu kupanga kamera. Kila mara nikisimama zilikuwa zinapoa. Hiyo sikuiweka kwa video. Niliikata, kusimama kunaboesha.

Halafu nikaona kitu kingine. Zile shu zilikuwa feki. Herufi za kiwanda zimekosewa, na zilikuwa zimeisha zaidi ya nusu. Sitadanganya, moyo uliruka. Nilizipiga picha. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika kichwa cha video mpya, "Spea feki zinaua," na ingekuwa ukweli, na ingetazamwa sana. Simu iko mkononi, taa ya studio imewashwa. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kwa sababu na hizo shu feki zilizoisha alikuwa akishuka huo mlima kila wiki na gia ya pili, na alikuwa akifika.

Jumapili nilienda nyumbani kwa mzee. Hatujawahi kuongea vizuri tangu niache chuo, tunaongea juu ya ng'ombe na mvua. Nilimpata anapangusa DT kwa kitambaa. Nikamwambia yote, hata ile ya wiki tatu. Akaendelea kupangusa.

"Hiyo nilikuambia ni ya DT," akasema.

"Hukusema ni ya DT peke yake, mzee."

"Hukuuliza."

Nikadhani imeisha hapo. Akakunja kitambaa. "Na mimi nilikuwa naenda pole, na mfuko wa dawa tu nyuma. Wewe ulikuwa unaenda na watu laki mbili."

Hiyo namba sikumwambia mimi. Alikuwa ameitazama.

Nilitoa video usiku huo. Kuna mwenye ameniuliza kwa nini nisiiache na onyo juu yake, ili watu wajifunze. Nilifikiria. Lakini nawajua ninyi, na najijua mimi, hakuna anayesoma onyo kama picha inateleza vizuri hivyo. Shida ni kwamba watu wengine waliishaidakua na kuiweka kwa kurasa zao, sauti yangu bado iko huko inasema sijagusa lita moja. Nimewaandikia wanne. Mmoja ameitoa.

Mpya nimeiweka: kushuka njia ileile na gia ya pili, breki zikiguswa kwa kona tu, na kule chini natoa habu mbele ya kamera muweke mkono mkisikia. Yaani, mimi niweke mkono kwa niaba yenu. Watu elfu moja na mia tisa mpaka sasa. Sawa.

Nduthi ya kijana imerudi. Foko nilipata za mkono wa pili, shu mpya nilinunua kwa duka ambalo mama wa maziwa ananunua. Niliipeleka mwenyewe, si kwa pickup. Siku ya kumpa nilimwomba mama yake aketi kidogo, nikamwambia mimi ni nani na nilisema nini kwa ile video. Alinisikiliza hadi mwisho. Akamuuliza mwanawe kwa Kikalenjin kitu ambacho sikushika chote, naye akajibu kwa neno moja. Kisha akainuka akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Chai haikuja.

Plasta inatolewa mwezi ujao. Ameniambia kebo ya klachi inakwama, kwa hivyo Jumamosi naenda kuibadilisha.