Kazi ya Simu

Mama yangu aliwaambia majirani wa Port Reitz, Mombasa, kwamba mwanawe anatengeneza simu Nairobi. Kosa lilikuwa langu. Siku nilipopata kazi nilimpigia nikamwambia, "Mama, nimeajiriwa kwenye sim," maana hivyo ndivyo kila mtu pale kituo cha mafunzo alivyoiita ile simuleta, mashine ya kujifunzia urubani bila kuruka, naye akasikia alichosikia. Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa upole ambao mpaka leo unanichoma: "Na zile ndege, mwanangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Baba alikuwa ameuza kiwanja cha Mazeras, na Mama mwenyewe amechukua mkopo kwenye chama cha akina mama, ili nisome urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson. Zaidi ya shilingi milioni mbili ziliteketea kwenye mafuta ya Cessna. Mwanzoni mwa 2014 nilikuwa na leseni ya urubani wa biashara na saa 207 za kuruka. Saa 207 ni nyingi kwa aliyezilipia, lakini kwa mwajiri si kitu. Kila hangari niliyobisha nilipewa jibu lile lile: lete saa 500, lete 1,000, au njoo na cheti cha aina fulani ya ndege, na bei ya cheti hicho ilikuwa kiwanja kingine cha Mazeras. Tulikuwa wengi. Asubuhi ungetukuta nje ya malango, mashati meupe yamepigwa pasi, bahasha kwapani, tunamsubiri mkubwa fulani ashuke garini.

Mkufunzi wangu wa zamani ndiye aliyenitonya kwamba kituo kimoja cha mafunzo, upande wa Barabara ya Mombasa, kinatafuta msaidizi wa simuleta. Mshahara mdogo, zamu nyingi za usiku. "Kaa nasi mwaka mmoja," meneja aliniambia siku ya usaili, "halafu tutakusomesha hii ndege." Hakuyaandika popote. Nami sikumwomba ayaandike.

Wasiowahi kuiona hudhani ni kompyuta na viti viwili. Ni chumba kizima kimesimamishwa juu ya miguu sita ya chuma, kimo cha nyumba ya ghorofa. Unaingia kwa kupita kidaraja, mlango unafungwa, kidaraja kinanyanyuka, na kuanzia hapo wewe si mtu wa Nairobi tena. Mbele kila swichi ni ya Boeing 737 ya kweli. Nyuma ya marubani anakaa mkufunzi na skrini yake; kwa kidole kimoja anazima injini, analeta ukungu, anawasha moto, anaitoa ndege Kisumu na kuiweka Mombasa. Madirishani kuna picha. Ile ya Mombasa niliitafuta siku ya kwanza nilipobaki peke yangu. Njia ya kurukia ilikuwa imechorwa sawasawa, mpaka na alama za magurudumu. Lakini Magongo, Chaani na Port Reitz nzima palikuwa majani matupu. Nyumba yetu haikuwepo.

Kazi yangu ilikuwa kuiamsha mashine, kuijaribu kabla ya wateja, kufuta vinyago vya oksijeni kwa spiriti, kupika chai, na kuandika kila hitilafu kwenye daftari la fundi mkuu. Huyu alikuwa mzee wa Kakamega, mpole, mwenye sweta lile lile Januari na Julai kwa sababu kompyuta zilihitaji baridi kuliko binadamu. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Rubani, na mwanzoni nilidhani ananikejeli.

"Hii mashine ni mwongo, Rubani," aliniambia usiku mmoja tukiwa chini ya miguu yake, tunatafuta kilichokuwa kinagonga. "Sasa tazama inavyodanganya."

Akanieleza. Mashine haiendi popote, inasogea kidogo tu huku na huku. Ikitaka ujione unaongeza kasi, inanyanyua pua, uzito wako mwenyewe unakukandamiza kwenye kiti, macho yanaona taa zikipita, na akili inakubali kwamba unakimbia. Lakini miguu ina mwisho wake, na itahitajika tena baada ya muda mfupi. Kwa hiyo ikishakudanganya inarudi mahali pake polepole mno, taratibu kiasi kwamba sikio, ambalo ndani yake ndimo ilimo mizani ya mwili, halina habari. "Mwongo hodari hana haraka," Mzee alisema, akapangusa mikono.

Yeye ndiye aliyenipa pia kisa cha Edwin Link, kijana wa Binghamton, jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Mwaka 1929 Link alichukua mivukuto, ile ya kupulizia kinanda, akaiweka chini ya kisanduku chenye mabawa mafupi ili mtu ajifunze urubani bila kutoka chumbani. Wateja wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani halikumtazama kwa dhati mpaka 1934, lilipokabidhiwa kubeba barua kwa ndege na marubani wake wakaanza kufa mawinguni. Hapo likanunua visanduku sita. Mzee alikipenda kisa hiki kwa sababu yeye alikuwa mpiga kinanda kanisani kwao.

Kazi iliyonibadilisha haikuwa kwenye mkataba. Marubani hurudi kupimwa kila miezi sita, na huja wawili wawili. Mmoja akiugua au akikwama safarini, kiti cha kulia hubaki kitupu, na mtihani wa watu wawili haufanyiki na mmoja. "Binti, unajua kusoma orodha ya ukaguzi?" mkufunzi aliniuliza mara ya kwanza, saa tano za usiku. Nilikalia kile kiti mpaka saa tisa alfajiri, magoti yakitetemeka. Baada ya hapo wakazoea kuniita.

Nikawaona makapteni walivyo. Sisemi hivi kuwadharau. Uwanjani kapteni ni mistari minne mabegani na kofia. Ndani ya kile chumba ni mtu mzima anayetoka jasho. Alikuja mmoja ambaye jina lake tulilitaja Wilson kwa kunong'ona, mwenye maelfu ya saa. Mkufunzi akamzimia injini ya kushoto pale pabaya kuliko pote, kasi imeshapita ile ya kuweza kusimama na magurudumu bado yako chini. Ndege inavuta kushoto. Dawa yake ni mguu wa kulia, kwa kiasi, na pua inyooke. Kapteni akakanyaga kushoto. Tukageuka, taa za uwanja zikapanda ukutani kama zinamwagika, skrini ikawa nyekundu, kimya. Akasema, "Tena." Tukafa tena.

Wakati wa mapumziko nilimkuta ukumbini ameshika kikombe cha chai asichokunywa. "Binti," akasema, "wewe umeona nini?"

Nilifikiria mshahara wangu, nikafikiria leseni yangu, nikajibu: "Kapteni, mguu umetangulia macho."

Hakucheka, hakukasirika pia. Aliporudi alisubiri. Injini ikafa, akahesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo ikicheza, moja, mbili, akatazama pua inaelekea wapi, ndipo mguu ukashuka, wa kulia. Tukapaa kwa injini moja kama watu wenye akili. Katika miaka miwili na ushei niliwaona wengi, na waliofaulu hawakuwa wenye mikono myepesi. Walikuwa wale waliovumilia sekunde mbili tatu bila kugusa kitu, huku king'ora kinawapigia kelele masikioni.

Usiku mwingine mkufunzi alitupa zoezi la kupaa gizani. Hakuna mwezi, hakuna taa ardhini, mvua kidogo. Kapteni aliyekuwa kushoto alishughulika na redio, na mkufunzi kwa kidole chake akaiinamisha ndege kulia, taratibu sana. Mimi nilikuwa natazama nje, kosa la kishamba. Mwili wangu uliniapia kwamba tuko sawa. Nilipoteremsha macho kwenye kioo cha mwelekeo tulikuwa tumelala ubavu.

Hapo nikaikumbuka ajali ya Douala. Mei 2007 nilikuwa kidato cha tatu. Ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka usiku wa manane na ikapotea. Waliitafuta mbali, kumbe ilikuwa kwenye mikoko, kama kilomita 5 tu kutoka uwanjani. Watu wote 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi, iliyotoka 2010, inaeleza ndege iliyoinama kulia pole pole gizani, autopaileti haijashika ilhali ilidhaniwa imeshika, na marubani wakapoteza mwelekeo. Shuleni tulisema mengi ya kipumbavu juu ya marubani wale. Itakuwaje mtu asijue kwamba amelala ubavu? Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti kama kile, mtoto wa Port Reitz ninayejua giza la mikoko lilivyo, na sikuwa nimejua. Mwongo hodari hana haraka. Anga nayo inaujua ujanja ule ule wa Mzee. Tulipotoka sikuweza kula mandazi niliyoyakaanga mwenyewe.

Mwaka ukaisha. Nikamkumbusha meneja, akasema bajeti. Miezi sita mingine. Akasema wamiliki wanabadilika. Mwenzangu wa darasani, ambaye alikubali kwenda Juba kuwa rubani msaidizi wa ndege ya Let 410, alirudi likizo na saa 900 na alama ya malaria usoni, maana alikonda mno. Alinunua chakula cha mchana, akanionea huruma waziwazi. Na kwa hesabu ya karatasi alikuwa sahihi. Kukalia kiti cha mwenzako kwenye chumba kisichoondoka hakuongezi saa za kuruka. Kwa mshahara wangu nilikodi Cessna mara chache tu, nipae na kutua mara tatu tatu, leseni isinifie mkononi.

Vijana huniuliza kama wachukue kazi ya namna ile. Nawaambia waichukue, lakini ahadi waitake kwa maandishi, na wasikae miaka miwili kama mimi.

Nilipoitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya ndege, katikati ya 2016, walitupima kwanza kwenye simuleta, mji mwingine, mashine nyingine. Injini ilikufa pale pale nilipoitarajia. Nikahesabu moja, mbili. Baadaye, mezani, kapteni aliyekuwa nyuma yangu alifungua fomu, akaipindua, akairudia tena kama mtu anayetafuta ukurasa uliodondoka.

"Hapa kwenye jumla ya saa za kuruka," akasema, "umeandika 211. Umesahau sifuri?"

Nikamwambia sikusahau.