Maji Yaliyofichwa Korongoni

Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, vumbi huingia hata kwenye chupa ya chai. Nyasi zimekauka, na mbele yako umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Mwaka 2007 mlima huo ulilipuka na kutoa majivu mengi.

Siku ile mimi na Baba Neema hatukuwa tukisemezana. Tulikuwa tumegombana juu ya fedha za safari tangu nyumbani.

Kijana wa Kimaasai alituongoza kutoka kijiji cha Engare Sero hadi korongoni. Njia yenyewe ni kijito: unavuka, unarudi, unashikilia mwamba. Katikati nilikwama, maji yakiwa magotini, miguu ikitetemeka. Mume wangu aligeuka, akanyosha mkono. Niliushika.

Mwisho wa korongo, maji yanaporomoka kutoka kwenye ukuta wa mawe. Ziwa lililo chini ni magadi matupu, lakini maji haya hayana chumvi. Watu na mifugo huyategemea. Tulisimama chini yake na nguo zetu, tukacheka kama watoto.

Mama mwenzangu, ukienda, vaa viatu visivyoteleza na uongozane na mwenyeji. Usiingie korongoni mvua ikinyesha milimani, kwa maana maji hujaa ghafla.

Zile fedha? Tulizizungumza njiani, tukiwa tumelowana, bila kupaza sauti.